Pipa la duara, pipa la pembe nane: hataza yangu inamfika au haimfiki?

FundiPipa, Chake Chake

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa mwenye elimu ya sheria. Msinambie "nenda kwa wakili", maana niliyemwendea aliomba pesa kwanza, kisha ndo akaniuliza hataza ni kitu gani.

Mie ni fundi wa vyuma. Nina hataza (haki ya kumzuia mwingine asiige ulichobuni) ya mashine ya kuchambulia karafuu, imesajiliwa hapa hapa Zanzibar, cheti ninacho. Kwa asiyejua kazi hii: karafuu ikichumwa inakuja na vikonyo vyake, na usiku ule ule watu wanakaa kwenye majamvi kuchambua kwa mkono, karafuu huku, makonyo kule, malipo kwa pishi. Ikilala lundo bila kuchambuliwa inapata moto, inakuwa mpeta, na mpeta hauna bei. Ndiyo maana msimu ukifika watu wanakesha.

Mashine yangu ni pipa linalozunguka, ndani mna mhimili wenye safu za springi za chuma. Vikonyo vinaingia juu, springi zinavisugua kwenye wavu, karafuu inakwanyuka na kupenya matundu, makonyo yanasukumwa mpaka mlango wa nyuma. Springi ndiyo siri yake. Ukiweka msumari au ncha ya nondo unakata vichwa vya karafuu, na karafuu isiyo kichwa inashushwa daraja. Springi inapinda kidogo, inaachia, kichwa kinabaki.

Sasa kuna fundi upande wa Micheweni anauza mashine yake. Nimekwenda kuiona, nikatia mkono ndani. Pipa lake lina pembe nane, kwa sababu hana mashine ya kuviringishia bati, anakunja tu. Na pahala pa springi ametia vipande vya mpira alivyokata kwenye tairi, unene wa kidole gumba. Basi. Mengine yote ni yangu.

Nilipomkabili, akatoa simu akanisomea dai la kwanza la hataza yangu (madai ndiyo yanayotaja kinacholindwa), neno kwa neno: "pipa la duara", "springi za chuma". Akasema: "Ami, nioneshe duara hapa. Nioneshe springi." Watu walikuwepo, wakacheka.

Nauliza: sheria inaangalia neno nililoandika, au inaangalia kazi inayofanywa na kile kitu?

---

MpwaWaTumbe

Pole mzee, lakini pembe nane si duara na mpira si chuma. Maneno umeyaandika mwenyewe, hukulazimishwa. Jamaa kakushinda kwa kalamu yako.

---

BiWakili_Unguja

Wa alaykum salaam, ami. Huyo aliyetangulia kahukumu haraka mno.

Pipa la pembe nane lilishafika mahakamani, tena zamani. Ross Winans wa Baltimore alikuwa na hataza ya behewa la kubebea makaa ya mawe. Mabehewa ya mraba yalikuwa yanabenuka ubavu kwa uzito wa makaa, yeye akalifanya lake mviringo lenye kusinyaa kuelekea chini, ili msukumo wa mzigo ugawike sawa pande zote na bati jembamba libebe zaidi. Wapinzani wake wakatengeneza la pembe nane, wakasema kama alivyosema jamaa yako: hataza imetaja mviringo, hili si mviringo. Kesi ni Winans na Denmead, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1853. Majaji watano kwa wanne walikataa kwamba pembe nane peke yake zinamwokoa mshtakiwa. Kinachoulizwa ni kama umbo lake liko karibu na mviringo kiasi cha kuleta faida ile ile kwa namna ile ile.

Hapo ndipo ilipoota kanuni ya ulinganifu. Mtu anaweza kuingilia hataza yako hata kama hakugusa neno lako, ikiwa alichokiweka kinalingana na ulichokitaja.

Kinapimwaje? Kwa wewe unayechomea vyuma, kesi ya Graver Tank na Linde ya 1950 utaielewa kuliko mie. Ilihusu unga wa kuchomelea, ule unaofunika mshono. Hataza ilitaja silikati za kundi la madini ambalo magnesiamu imo. Mshtakiwa akatumia silikati ya manganizi, ambayo haimo katika kundi hilo. Ukisoma neno kwa neno, ameponyoka. Lakini ilithibitika kwamba unga wake ulifanya kazi ile ile, kwa njia ile ile, na mshono ukatoka ule ule, na wajuzi wa fani walijua kuwa hii inaweza kukaa pahala pa ile. Akashindwa. Maswali hayo matatu, kazi, njia na matokeo, yashike, maana utaulizwa.

Kuna lijamu yake. Mwaka 1997, katika Warner-Jenkinson na Hilton Davis, mahakama hiyo hiyo ilisema ulinganifu unapimwa kwa kila sehemu ya dai peke yake. Haitoshi kusema "mashine zetu kwa jumla zinafanana". Dai lako likiwa na sehemu nne, zote nne lazima zionekane kwake, ama zenyewe ama zinazolingana nazo. Ikikosekana moja, yaliyobaki hayakusaidii.

Kwa hiyo tugawe. Duara na pembe nane: hapo sioni tabu, maadamu pipa lake linazunguka na kusugua kama lako. Ugomvi uko kwenye springi na mpira, na hapo nakwambia mapema kwamba hata majaji wakubwa hawakukubaliana. Kulikuwa na kifaa cha kung'olea nywele za miguu kikiitwa Epilady. Kilikuwa na springi ya chuma iliyopindwa, ikizunguka inafungua na kubana, nywele zinang'oka. Remington wakatoa chao: pahala pa springi wakaweka mche wa mpira wenye mikato. Mahakama ya Uingereza, jaji Hoffmann, ilisema haikuingiliwa, kwa sababu msomaji wa hataza angeona mwenyewe aliitaka springi hasa. Mahakama ya Düsseldorf, kwa hataza ile ile ya Ulaya na kifaa kile kile, ikasema imeingiliwa. Springi na mpira, ami. Kama vile walikuwa wanakungoja.

Kwetu hapa tuna Sheria ya Mali za Viwanda Namba 4 ya 2008. Hukumu za Marekani hazifungi Mahakama Kuu ya Zanzibar, na za London hazifungi pia, ingawa kwa urithi wa mfumo wetu husomwa na kupewa uzito. Kwa hivyo wakili wako atabeba zote mbili na kumshawishi jaji.

Kabla sijakupa matumaini yoyote, nijibu hili: baada ya kupeleka maombi na kabla ya cheti, ofisi ilikuandikia barua ya kutaka ubadilishe chochote kwenye madai? Kama ndiyo, iliandika nini, na wewe ulijibu nini?

---

Chuma_Mkoani

Mie nitasema upande wa pili kwa sababu hakuna anayeusema. Mie pia fundi. Hataza kwangu ni bikoni ya kiwanja. Nikiona bikoni najua nijenge wapi. Sasa Bi Wakili anatwambia bikoni ipo pale lakini kiwanja kinaweza kufika mbele zaidi, jaji ndiye atakayejua, na atajua baada ya mie kumaliza kujenga. Huyu fundi wa Micheweni hakuiba usiku. Alisoma hataza, akaona imetaja springi, akatafuta njia isiyokuwa na springi. Si ndivyo tunavyoambiwa, kwamba hataza zinatangazwa ili wengine wasome na kubuni vyao?

Na jingine. FundiPipa, hiyo mipira yake inavunja vichwa vya karafuu au haivunji?

---

FundiPipa, Chake Chake

Chuma_Mkoani, sikukasirikii. Haivunji. Nimechota konzi chini ya mashine yake nikaangalia, vichwa vipo. Tena ntasema kweli, mpira wake hauna kelele kama springi zangu.

Lakini usinambie alitafuta njia yake. Mpira alijua ataweka kwa sababu ndani ya hataza yangu, kwenye maelezo si kwenye madai, nimeeleza kwa nini kinachosugua lazima kinyumbuke. Somo kalipata kwangu.

Mwanangu Bi Wakili, umeuliza barua. Ipo. Maombi yangu ya mwanzo hayakusema springi. Yalisema "vidole vyenye kunyumbuka". Mkaguzi wa ofisi ya hataza akaandika kwamba vidole vyenye kunyumbuka ndani ya pipa linalozunguka si jambo jipya, akaambatisha hataza ya zamani ya ng'ambo, mashine ya kunyonyolea kuku, ina vidole vya mpira pipa zima. Nikajibu kwamba yangu ni tofauti kwa sababu kuku wana mpira na mie nina chuma, springi, na springi inatikisika kwa namna ambayo mpira hautikisiki. Wakakubali, nikabadilisha neno, cheti kikatoka. Kwani hilo lina ubaya gani? Wao ndio waliotaka.

---

BiWakili_Unguja

Ami, hiyo barua ndiyo kesi yenyewe.

Nianze na Chuma_Mkoani kwa ufupi, kwa sababu hoja yake ni nzito na ina wenyewe. Katika ile Graver Tank ya unga wa kuchomelea, jaji Black alipingana na wenzake kwa sababu hiyo hiyo: watu wanatakiwa waweze kusoma madai na kujua wamekatazwa nini. Mahakama hazikuitupa hoja hiyo. Ziliipa dawa, na dawa yenyewe ndiyo inayomuumiza FundiPipa leo.

Kesi ni Festo na SMC, Mahakama ya Juu ya Marekani, 2002. Festo walikuwa na hataza ya silinda inayosukuma vitu kwa sumaku. Wakati wa ukaguzi waliongeza kwenye madai kwamba kuna jozi ya pete za kuzuia uvujaji, na kwamba ganda la nje ni la kitu kinachoshika sumaku. SMC wakatengeneza yenye pete moja inayozuia pande mbili, na ganda la aloi isiyoshika sumaku. Festo wakalia ulinganifu. Mahakama ikasema: ulipokuwa unaomba hataza ulijifinya mwenyewe ili upewe, basi huchukuliwa kuwa kile kilichobaki kati ya dai la mwanzo na dai la mwisho umekiacha. Ilifungua vijidirisha vitatu tu. Unaweza kujitetea kwamba kilinganifu hicho hakikuweza kutabirika wakati ule, au kwamba sababu ya kubadilisha dai haihusiani nacho ila kwa mbali, au kwamba kuna sababu nyingine ya maana iliyofanya usitegemewe kukitaja. Festo alirudi mahakama za chini kupitia vijidirisha hivyo, na mwisho akashindwa.

Tukupitishe wewe. Mpira ulikuwa hautabiriki? Mpira ulikuwa ndani ya karatasi aliyokutumia mkaguzi. Sababu ya kubadilisha ilikuwa mbali na mpira? Ilikuwa mpira wenyewe. Na ukaandika kwa mkono wako kwamba springi inafanya jambo ambalo mpira haufanyi. Sasa usimame mbele ya jaji useme mpira na springi ni mamoja? Wakili wa upande wa pili ataisoma barua yako taratibu, aya moja, akae.

Kwa Uingereza mambo si makali hivyo, na nakueleza ili asije mtu akakuuzia matumaini. Mwaka 2017, Actavis na Eli Lilly, Mahakama ya Juu ya kule ilikubali wazi kwamba ulinganifu upo, jambo ambalo kwa muda mrefu walilizunguka kwa kusema wanatafsiri madai tu. Dawa ya saratani, pemetreksedi. Dai lilitaja chumvi yake ya sodiamu, Actavis wakataka kutumia maumbo mengine ya dawa hiyo, asidi yake, chumvi ya potasiamu na nyingine. Eli Lilly nao walikuwa wamejifinya wakati wa ukaguzi, kama wewe. Na bado walishinda. Lord Neuberger alisema barua za ukaguzi hazitazamwi ila kwa nadra. Wakili mjanja atakuonesha hiyo.

Lakini tazama walijifinya kwa nini. Mkaguzi aliwaambia maelezo yao hayatoshi kubeba dai pana kiasi kile. Hakuwaambia "hiki kilishabuniwa". Wewe uliambiwa kilishabuniwa. Na hilo ni ukuta kila nilikosoma: ulinganifu hauwezi kukurudishia kitu ambacho usingeweza kupewa siku ya kwanza. Wajapani wameliandika kabisa miongoni mwa masharti yao matano, katika kesi ya gololi za chuma na mhimili wenye mifereji ya 1998: kifaa cha mshtakiwa kisiwe kile kilichokwisha kujulikana na watu, wala kinachotoka humo kwa urahisi.

Kwa hiyo dai la kwanza, kwa mpira, mimi singelipeleka mahakamani. Hata London.

---

MpwaWaTumbe

Si nilisema.

---

BiWakili_Unguja

Ulisema kwa sababu nyingine kabisa, mpwa. Kama si ile barua, pembe nane zisingemsaidia, na mpira ungekuwa wa kubishaniwa mpaka mwisho.

---

KijanaWaMkuyuni

Naingilia kidogo, mie nipo Morogoro, huku Milima ya Uluguru tunalima karafuu pia. Mashine ya pembe nane yenye mipira nimeiona huku msimu huu. Hiyo hataza ya Zanzibar inafika huku?

---

BiWakili_Unguja

Haifiki. Mali za viwanda si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, Bara ina sheria yake na wanasajili BRELA, wakala wao wa usajili. Mashine iliyotengenezwa na kuuzwa Morogoro haigusi cheti cha Pemba. Ila ikiwa inatengenezwa Micheweni kisha inapandishwa boti kwenda huko, kule kutengeneza kumefanyika hapa, na kutengeneza peke yake kunatosha kuwa kosa. FundiPipa, hilo liandike pembeni.

Na nikuulize la mwisho. Umezungumza dai la kwanza tu. Hataza yako ina madai mangapi, na kuna lolote linalosimama peke yake bila kusema "mashine kama ilivyotajwa katika dai la kwanza"? Yale yanayotegemea la kwanza yanabeba springi zote ndani yake, hayatusaidii. Nataka lililojitegemea.

---

FundiPipa, Chake Chake

Nimelitafuta cheti kabatini nikalisoma upya na miwani. La pili mpaka la tano yote yanaanza "mashine kama katika dai la kwanza". La sita silo. Nalinukuu: "Kifaa cha kupepetea karafuu iliyochambuliwa, chenye feni upande mmoja na trei ya kutikisika iliyoinama takriban digrii 30 kuelekea feni, trei ikiwa na mdomo wa karafuu chini na mdomo wa majani na vijiti juu."

Hili nililiongeza mwishoni kabisa, kwa sababu karafuu ikitoka wavuni bado ina majani na vijiti vidogo vidogo. Nilidhani ni jambo dogo. Mkaguzi hakulisema neno, lilipita kama lilivyo.

Na huyu bwana ameliiga zima. Feni, trei, midomo miwili, hata kitikisio chake ni kile kile. Jana nilimtuma mwanangu na kipima pembe, akajifanya mnunuzi. Trei yake imeinama digrii 27. Nadhani si kwa kukwepa, ni vile kuchomea kwake kubaya.

---

BiWakili_Unguja

Alhamdulillah, ami, hapo sasa tuna cha kuzungumza. Na pengine hata huhitaji ulinganifu. Umeandika "takriban", na 27 iko ndani ya takriban ya 30 kwa fundi yeyote mwenye akili. Hiyo ni kuingilia dai kwa maneno yake yenyewe.

Akibisha, mpelekee kesi ya linta, ile boriti ya juu ya mlango au dirisha. Catnic na Hill & Smith, Baraza la Malodi la Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hataza ya linta ya chuma ilisema bamba la nyuma lisimame "wima". Mshtakiwa akaliinamisha digrii 6 kwenye saizi moja na 8 kwenye nyingine, uwezo wa kubeba mzigo ukapungua kwa chini ya asilimia 2, kisha akadai hakugusa hataza kwa sababu lake si wima. Lord Diplock alikataa: mjenzi anayeisoma hataza ile haisomi kwa rula ya hesabu, anajua wima ni wima wa kazi. Na pale hapakuwa hata na neno "takriban". Wewe unalo.

Tena hapa barua yako haikudhuru, kwa sababu dai hili halikufinywa.

Unalopoteza ujue pia. Dai la sita haliwezi kumzuia kuuza mashine ya kuchambua. Akiivua trei akauza pipa na mipira peke yake, yuko huru. Unachomzuia ni kuuza pamoja na kifaa cha kupepeta, na fidia itahesabiwa kwa hicho.

Kabla hujamwandikia chochote, nunua mashine yake moja. Usiazime, nunua, upate risiti yenye jina na tarehe. Siku ya kuipima mwite sheha na fundi mwingine asiyekuwa jamaa yako, mpime mwinamo wa trei mbele yao, mpige picha kipima pembe kikiwa juu ya trei, muandike na kutia saini. Kisha nenda kwa msajili ukaombe nakala iliyothibitishwa ya hataza pamoja na faili zima la barua. Usiifiche ile ya kuku. Wataitafuta wenyewe, na bora waikute kwako.

---

Chuma_Mkoani

FundiPipa, mie nipo tayari kuwa huyo fundi wa pembeni siku ya kupima. Simjui jamaa wa Micheweni wala wewe sikujui. Kipima pembe changu ni cha dijitali.

---

FundiPipa, Chake Chake

Karibu sana. Nauli ya kutoka Mkoani juu yangu, na chakula cha mchana. Ikishapatikana mashine ntakuandikia. Mwanangu Bi Wakili, Mungu akulipe. Ada yako ni kiasi gani, na unavuka kuja Pemba au lazima nije mie?

---

BiWakili_Unguja

Navuka. Ada tutazungumza kwa simu, nitakutumia ujumbe wa faragha. Njoo na dai la sita mkononi, na la kwanza tutaliacha nyumbani.